Risasi Isiyolia

Katika Kiswahili, neno risasi lina maana mbili: metali laini na nzito, na kile kifyatuliwacho kutoka katika bunduki. Sisi tuliokulia Kariobangi twaijua mno maana ya pili. Ile ya kwanza, iliyoizaa ya pili, aghalabu hatuitaji, ilhali ndiyo iliyoingia katika damu ya watoto wetu.

Mnamo mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa utafiti kuhusu jaa la Dandora, lililopokea taka za jiji la Nairobi tangu miaka ya 1970. Watoto na vijana 328 wa maeneo jirani walichunguzwa. Takribani nusu ya waliopimwa damu walikutwa na risasi isiyopungua mikrogramu 10 katika kila desilita ya damu, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Leo Shirika la Afya Duniani lashikilia kuwa hakuna kiwango kijulikanacho kuwa salama.

Sumu hii ina hila. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi mifupani na kuiacha ipenye ubongoni, inakovuruga mawasiliano ya neva. Katika ile inayomezwa, mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Athari zake ni ugumu wa kushika masomo, kutotulia na hasira za ghafla.

Athari hizo tumezipa majina: kichwa maji, mtukutu, mzito. Katika shule yetu ya msingi, mwenzangu mmoja aliyeokota vyuma na betri kuukuu jaani aliitwa majina hayo yote, akacharazwa, hatimaye akaacha shule. Sidai kwamba ni risasi iliyompata. Damu yake haikupimwa. Nadai tu kwamba hakuna aliyewaza kuuliza, kwa kuwa jina la mtoto lilikuwa tayari, na jina la sumu halikuwapo.

Hapa ndipo lilipo jukumu letu, wanafunzi wenzangu wa Kiswahili. Matokeo ya utafiti yakibaki maktabani kwa Kiingereza, mzazi wa Korogocho atajuaje kudai mwanawe apimwe? Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Lakini asiyejua jina la kimlacho humlaumu mwanawe.