Sehemu ya 6: Viazi vitupu havimkuzi mtoto

Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya nawaona pia. Leo tunaingia jikoni.

Huu ni msimu wa baridi. Saza siyo Uyole, mchana jua letu liko palepale, lakini Juni na Julai ukiamka alfajiri unatafuta kitenge cha pili. Kila nyumba inataka kitu cha moto tumboni, na viazi mviringo vinavyoshuka kutoka Mbeya vinatuokoa kweli. Vinaiva haraka na watoto wanavipenda. Sina ugomvi na viazi. Ugomvi wangu ni viazi vitupu.

Kuna mama alikuja na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Nafungua kadi ya kliniki, mstari wa uzito umelala miezi mitatu. Namuuliza, anakula? "Anakula sana nesi, sahani ya viazi anamaliza mwenyewe." Na hakudanganya. Yeye anashinda kwenye makarasha ya mawe ya dhahabu, mtoto anabaki na dada yake. Asubuhi viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, jioni chipsi. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Kiazi kinatoa nguvu, na kina vitamini C. Ila mafuta hakina, protini yake ni ndogo, madini ya chuma hayatoshi, na vitamini A usiitafute humo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha wengine! Kwa hiyo shamba linaweza kuwa limejaa na sahani ya mtoto bado ina pengo.

Dawa yake siyo ya duka la dawa. Wakikuyu wa Kenya wana mukimo, viazi vinapondwa na majani ya maboga, mahindi na njegere. Huko Ireland wana colcannon, viazi vya kupondwa na kabichi au sukuma wiki, maziwa na siagi juu. Sisi majani ya maboga yako nyuma ya nyumba, tunasubiri nini?

Mahitaji:
- viazi kilo 1
- majani ya maboga mafungu 2 (au mchicha, au sukuma wiki)
- njegere kikombe 1, au karanga za kusaga vijiko 4 vya chakula
- kitunguu 1, na mafuta ya alizeti au mawese vijiko 3
- chumvi kidogo

Kiazi chenye rangi ya kijani au kilichochipua sana usimpe mtoto, kina sumu. Osha viazi, chemsha na maganda yake, kisha menya vikiwa bado vya moto. Njegere zichemshe pembeni mpaka zilainike. Majani yatoe nyuzi, yaoshe KWANZA ndipo ukatekate. Kaanga kitunguu, weka majani, koroga dakika 5 mpaka 7, ipua yakiwa bado kijani. Ponda viazi na njegere, changanya majani na mafuta yake yote. Ukitumia karanga, zichemke na majani kwanza. Mafuta usiyaogope, vitamini A ya kwenye majani bila mafuta mwili hauipati vizuri.

Mtoto wa miezi 6 mpatie laini kabisa, isiwe ya kumwagika kwenye kijiko, vijiko 2 au 3, huku ananyonya kama kawaida. Miezi 9, nusu kikombe. Akifika mwaka, robo tatu mpaka kikombe kizima. Siku nyingine mwongezee yai au dagaa wa kusaga. Na chai ya rangi iondoeni mezani jamani, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Halafu hili la baridi: jiko la mkaa lisilale ndani na watoto. Moshi wake wa sumu hauna harufu, na familia nzima inaweza isiamke.

Yule mama muda wa kupika mchana hana, na sikumlaumu. Nilimwambia kliniki ijayo aje na yule dada mtu, nikamwelekeza yeye. Mwezi uliofuata mstari ukaanza kupanda. Kama wa kwako hauongezeki miezi miwili mfululizo, usiishie kwenye mapishi, mlete apimwe, huenda kuna ugonjwa. Na kama mtoto wako anashinda na bibi au dada, mfundishe huyo kupika, maana ndiye mwenye kijiko.

Sehemu ya 7 tutaongelea mtoto anayekataa kula. Usiku mwema, wafunikeni watoto.