Jina Langu Liandikwe Chamani

Mimi ni mjane, mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ninasema haya kwa ajili ya wanawake wenzangu.

Mume wangu alifariki mwaka 2001, wakati bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka hadi chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Kuna waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Sisi wa chama cha ushirika tuliokolewa na cheti cha Fairtrade, yaani biashara ya haki: kahawa iliyouzwa kwa cheti haikushuka chini ya senti 121, na juu yake nyongeza ya senti 5 za maendeleo ya wanachama. Lakini hiyo ni bei ya bandarini. Ukitoa gharama za kukoboa, usafiri na makato, kinachomfikia mkulima ni kidogo. Isitoshe, si kila gunia lilipata mnunuzi wa cheti; mengine yalikwenda mnadani Moshi kama kahawa nyingine yoyote.

Hata hicho kidogo nilikikosa. Nilichuma matunda mekundu, nikamenya kwa mashine ya mkono, nikaosha, nikaanika vichanjani huku nikichambua punje mbovu. Kwenye mzani wa chama, karani aliandika jina la marehemu. Malipo ya pili, ya baada ya kahawa kuuzwa, yalipotoka, niliambiwa uanachama ni wa ukoo kama kihamba chenyewe, shamba letu la urithi. Shemeji akasaini, akachukua. Watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Tuliishi kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe mmoja.

Mkaguzi wa cheti alipofika shambani, aliuliza nani anapogolea mibuni hii. Nikamjibu, "Ni mimi, baba, lakini daftarini simo." Ndipo nilipojua kwamba masharti ya cheti yanakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake. Tukaungana wajane kadhaa, tukasimama kwenye mkutano mkuu, tukadai hadi tukaandikwa. Msimu uliofuata nilisaini mwenyewe, na wanangu wakarudi shule.

Dada yangu, cheti kina faida, ila faida hiyo hufuata jina lililo daftarini. Hakikisha lako limo. Kisha uliza mkutanoni: magunia mangapi yameuzwa kwa cheti, fedha ya nyongeza ni kiasi gani, na imefanya nini? Usiketi mpaka ujibiwe, kwa kuwa jasho ni lako.