Mwenye Duka wa Voi na Masoko ya Mombasa

Mji wa Mombasa husifiwa na watu wengi kwa sababu nyingi. Wageni husifu bahari yake na Ngome yake, mabaharia husifu bandari ya Kilindini, na wenyeji husifu lugha yao na mapishi yao. Lakini mwenye duka anayeshuka kutoka bara ana sifa zake mwenyewe. Yeye haendi mjini kutembea, bali huenda kutafuta bidhaa za kuuza, na fedha aliyochukua si yake peke yake. Sehemu moja ni karo ya watoto, na sehemu nyingine ni ya watu wa nyumbani waliomwamini. Akikosea yeye, wameumia wengi.

Mtu mmoja wa namna hiyo ana duka huko Voi, katika nchi ya Taita. Duka lenyewe si kubwa: lina mlango mmoja, dirisha moja, na rafu tatu za mbao. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini amekuwa akienda Mombasa mara moja kila mwezi, safari ya kilomita 150 hivi. Baba yake, ambaye ndiye aliyemwachia duka, alizoea kusafiri kwa gari la moshi katika reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Treni mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017, nayo husimama Voi, lakini kituo chake cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Kwa hiyo yeye hupanda basi usiku, ili afike kabla ya jua kupanda. Zamani fedha zake zote alizifunga katika kitambaa kiunoni, wala hakusinzia njiani. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, sehemu kubwa ya fedha husafiri katika simu, naye husinzia kidogo.

Jirani zake, kila wanapopata safari ya Mombasa, humwuliza ni wapi pazuri pa kula na pa kununua. Majibu yake hayabadiliki, na kila mahali anapopataja pana sababu yake.

Kwanza huwapeleka Kongowea. Soko hilo liko bara, ng'ambo ya daraja la Nyali. Daraja lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 1980, na kabla yake watu walivuka kwa daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931. Kongowea ni miongoni mwa masoko makubwa ya jumla katika Afrika ya Mashariki. Alfajiri malori husimama pale kwa safu: machungwa ya Tanga, viazi na kabichi kutoka bara, maembe na nazi kutoka Kilifi na Kwale. Mwenye duka huyu hutafuta nazi, kwa sababu minazi haioti vizuri kwao, na watu wa Voi wamekwisha kuzoea wali wa nazi. Hainunui nazi kwa kuitazama. Huitwaa moja moja, akaitikisa karibu na sikio. Ile yenye maji hulia, na ile iliyokauka au kuoza hukaa kimya au hutoa sauti nzito. Wauzaji wengine hukasirika wakimwona akifanya hivyo, hasa asubuhi wakati wa haraka. Mwuzaji anayempenda yeye humwachia gunia zima alijaribu, hata humsaidia kuzitupa zile mbovu, maana wote wawili wanaijua methali isemayo kwamba nazi mbovu ni harabu ya nzima.

Magunia yake yakiisha kushonwa, huyapeleka kwa tuktuk hadi ofisi ya basi, kisha yeye huvuka daraja kurudi kisiwani, na njaa imekwisha kumshika. Hapo ndipo huenda kula mahamri. Karibu na Marikiti yuko mama mmoja mwenye benchi mbili na sinia iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Mahamri yake hukandwa kwa unga wa ngano, hamira, tui la nazi na iliki, nayo huliwa na mbaazi zilizopikwa kwa tui zito, pamoja na chai ya tangawizi. Mkahawa wenye viti vya kupendeza haukosekani katika mtaa huo, lakini yeye huipita mikahawa yote akaenda kuketi katika benchi. Sababu yake ni kwamba pale hula mahamali na wavuta mikokoteni. Asema kwamba hamali ana kazi nzito na shilingi chache, wala hawezi kula pabaya mara mbili. Tena chakula hicho hakilali: kufika saa tatu sinia ni tupu, na mama amekwisha kuondoka. Mchelewaji hunywa chai ya kavu.

Akishiba huingia Marikiti yenyewe. Soko hilo lilijengwa mwaka 1914, likaitwa kwa jina la Bwana Mackinnon. Lakini watu wa Mombasa waliliita Marikiti, na jina hilo ndilo lililoshika. Anayeingia hupokewa na harufu kwanza: karafuu za Unguja na Pemba, mdalasini, iliki, bizari nzima, na pilipili manga. Hapa pia mwenye duka hujaribu kabla ya kulipa. Iliki huipasua aone kama mbegu zake ni nyeusi na zimejaa. Pilipili manga chache huzitia katika gilasi ya maji, kwa kuwa walaghai huchanganya mbegu za papai zilizokaushwa, nazo huelea, na pilipili ya kweli huzama. Manjano hayanunui yakiwa unga, maana unga wa manjano huweza kuongezwa unga mwingine. Huyanunua mazima, akayasaga kwake mbele ya wateja.

Kutoka Marikiti si mbali kufika mtaa wa Biashara, na mtaa huu ndio unaobeba habari kubwa ya mwenye duka huyu. Humo huuzwa kanga na vikoi, duka baada ya duka, hata macho huchoka kwa rangi. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Kila kipande kina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno ya methali au ya mafumbo. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakawa kwa herufi za Kirumi. Mkewe humwandikia katika karatasi maneno yanayotakiwa na yasiyotakiwa, kwa kuwa wanawake wa Voi hawanunui rangi peke yake. Kanga yenye maneno ya kumsuta jirani huweza kuuzwa asubuhi, na jioni ugomvi ukaletwa dukani.

Miaka mingi iliyopita, alipokuwa bado kijana katika kazi hii, alikutana na mtu mmoja kichochoroni mwenye bunda la kanga begani. Mtu yule alimwambia kwamba zimetoka melini siku ile ile, na bei aliyoitaja ilikuwa karibu nusu ya bei ya mtaa wa Biashara. Mwenye duka alinunua doti thelathini, akapita mbele ya duka alilozoea bila kugeuza uso, akarudi kwao akiwa na furaha. Kanga zote ziliuzwa kwa juma moja. Juma la pili zikaanza kurudi. Zilipotiwa maji mara ya kwanza, rangi nyekundu ilikuwa imeingia katika nyeupe, na maneno hayakusomeka tena. Wanawake walisimama mlangoni na kanga zao mikononi, wengine wakiwa wamezinunulia arusi.

Alimrudishia kila mmoja fedha yake. Kufanya hivyo alimwuza ng'ombe wake mmoja, na karo ya mtoto wake mkubwa ikachelewa. Alipotafuta habari za yule mtu wa kichochoroni hakumpata, wala hakujua hata jina lake.

Mwezi uliofuata alishuka Mombasa na nauli na fedha kidogo tu. Alisimama mbele ya duka lake la zamani katika mtaa wa Biashara, akaona haya kuingia. Mzee mwenye duka ndiye aliyemwita.

"Mwezi uliopita hukupita hapa, kijana wangu."

"Nilipita, mzee, lakini nilinunua kwingine."

"Na hizo ulizonunua, zilichuja?"

"Zilichuja, mzee."

Mzee hakucheka, wala hakumpa mawaidha. Alimwambia mtumishi wake alete doti kumi, akafungua daftari, akaandika. "Utalipa ukiisha kuuza," akasema. Doti zile kumi ndizo zilizolifungua tena duka la Voi, na deni lililipwa kwa miezi miwili. Mzee yule amekwisha kufariki, na sasa mwanawe ndiye anayekaa mezani, lakini mteja hakubadili duka. Hata leo, kabla ya kununua, hulowesha pembe ya kanga na kuifikicha kwa leso nyeupe, naye mwana wa mzee humletea maji mwenyewe.

Adhuhuri mwenye duka hutafuta hoteli. Hupenda wali wa nazi na samaki wa kupaka, ambaye huchomwa kwa makaa huku akipakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili. Hapa shauri lake ni kwamba msafiri asitazame rangi ya kuta, bali atazame sufuria: kama pilau au wali hupikwa kila siku na kwisha kila siku, basi na aketi. Pia huwakumbusha jirani zake mambo mawili. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala ya adhuhuri, na asiyejua hilo hupoteza saa nzima juani. Na katika mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi za Mji wa Kale hazifungui mchana. Mgeni mwenye adabu hujitayarisha mapema, wala hali njiani mbele ya waliofunga. Jioni ya mwezi huo atalipwa uvumilivu wake, kwa kuwa kaimati, viazi karai na sambusa hujaa kila pembe ya mtaa.

Kazi ikiisha, hutembea polepole hadi karibu na Ngome, ile iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ambayo mwaka 2011 iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Huko hunywa kahawa chungu, inayomiminwa kutoka katika dele lenye makaa chini yake, na hula kipande cha halua. Nusu ratili ya halua humfungia mkewe. Ikiwa basi lake ni la usiku, hufika Mama Ngina, mahali palipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, akala mihogo yenye pilipili na ndimu, na kutazama meli zikiingia Kilindini. Hiyo ndiyo anasa yake ya pekee.

Vijana wa kwao wanaotaka kufungua maduka humjia kutaka majina ya wafanyabiashara wa Mombasa. Yeye huwapa maswali matatu kwanza. Je, mwuzaji anakubali kitu chake kijaribiwe? Je, watu wanaofanya kazi karibu naye hula na kununua kwake? Na je, ukirudi na lawama mwezi ujao, utamkuta? Huwaambia kwamba swali la tatu ndilo lililomgharimu ng'ombe.

Kisha huwaonyesha meza ya duka lake. Juu yake, kando ya mizani, liko bakuli la maji na kitambaa cheupe. Mwanamke yeyote anayetaka kanga huruhusiwa kulowesha pembe yake na kuifikicha, hata akiwa amejaribu doti tano na kuondoka bila kununua hata moja.