Datsun ya Mashindano na Peugeot ya Mama

Tulitoka Malindi baada ya swala ya alfajiri, mama amekaa mbele, nami naendesha Peugeot 504 aliyotuachia marehemu baba. Tulipoipita Gede, msitu wa Arabuko ukiwa mkono wa kulia, alinyamaza kimya. Alijua twaenda Kilifi kumwonyesha mnunuzi.

Kwenye kituo cha mafuta cha Kilifi tuliikuta Datsun 240Z ya mashindano, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Vijana waliizunguka wakipiga picha. Ndani mna viti viwili tu na vyuma vya kuzuia paa lisibonyee. Hamna pahali pa kuweka hata kikapu cha samaki. Nisiifiche haki yake, ni nzuri mno.

Yetu hakuna aliyeitazama, ingawa 504 nayo ilishinda Safari mwaka 1975. Ina safu tatu za viti. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, mdogo wangu alizaliwa katika safu ya nyuma, usiku, tukingoja feri. Baba alishika taa huku ameelekeza uso baharini, na bibi akampokea mtoto kwa kanga yake.

Mnunuzi akataja bei ya chuma chakavu. Nikamtazama mama.

"Mwanangu," akasema, "gari hili lilinistiri siku niliyokosa pa kujistiri."

Nikanunua plagi nne mpya, tukarudi Malindi kabla ya adhuhuri.