Theluji Juu ya Mlima Mweusi



Neno "theluji" wengi wetu tumelisikia kanisani kabla ya kuiona yenyewe kwa macho. Limo katika Zaburi, limo katika Nabii Isaya, nasi tulioketi mabenchini husikiliza na kuitikia vema. Lakini ukituuliza mmoja mmoja theluji ni kitu gani, huyu atasema ni barafu ya dukani, yule atasema ni mvua ya mawe, na wa tatu atakuambia ni umande ulioganda. Si ajabu. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na watu wa pwani waliotuletea hawakuwa na haja nalo kila siku.

Basi kwanza tuyatenganishe. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Mvua ya mawe ni matone yaliyorushwa juu na chini ndani ya wingu kubwa hata yakaganda tabaka juu ya tabaka. Sakitu huganda papo hapo ardhini usiku, na wenzetu wa Njombe na Makete wanaijua sana kwa sababu huwaunguzia viazi. Theluji ni mvuke wa maji ulioganda huko huko winguni, ukashuka taratibu kama usufi. Haina kishindo. Huweza kuanguka usiku kucha wala usisikie neno.

Sisi wa Sakina, kando ya barabara ya kwenda Namanga na Nairobi, tunaishi chini ya mlima Meru. Waarusha huuita Oldoinyo Orok, yaani mlima mweusi (na mlima ulio pale Namanga nao una jina hilo hilo), na Kilimanjaro Wamasai huuita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Waliotoa majina hayo walitazama vizuri. Maana katika nchi zetu hizi za joto, hewa ya juu huwa imeshuka mpaka digrii sifuri ukifika kiasi cha mita 4,800. Kilimanjaro una mita 5,895. Basi kichwa chake kimo ndani ya baridi siku zote. Meru una mita 4,566. Kichwa chake kinakaribia mlango wa baridi ile lakini hakiingii. Ila mvua kubwa ikinyesha siku nyingi, theluji inayoyeyuka angani huipoza hewa, na ule mpaka wa baridi hushuka kidogo. Ndipo mlima mweusi unapogeuka kuwa mweupe, siku moja au mbili, kisha jua hulichukua vazi lake. Tena msomaji asifikiri kwamba sisi wa chini hatupati kitu: mara nyingi hata mvua inayotulowesha Sakina ilianza huko juu ikiwa theluji, ikayeyuka njiani.

Mwaka juzi, mwezi wa Desemba, mvua ilinyesha kwetu siku tatu mfululizo, mlima usionekane kabisa. Siku ya nne, Alhamisi, mawingu yaliondoka alfajiri. Nilikuwa nikielekea ofisini parokiani nikaona vijana wa bodaboda wamesimamisha pikipiki zao zote, wamegeuzia migongo abiria, wanatazama juu. Nami nikatazama. Loo! Meru ulikuwa mweupe tangu ncha mpaka mabegani, na kila ufa wa mwamba ulionekana kama umechorwa kwa kalamu ya risasi.

Ningependa mngeziona nyuso za watu asubuhi ile. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walitua mizigo yao. Dereva wa daladala alipunguza mwendo mpaka kondakta akamkaripia. Watoto wa shule walipiga kelele ati Kilimanjaro imehamia kwetu. Kila mwenye simu aliinua mkono apige picha, na saa tatu hazijapita picha nyingine zilianza kuzunguka, za nyumba zilizozama katika theluji mpaka madirishani, zikiwa na maneno kwamba ni Ngaramtoni usiku uliopita. Nyumba zenyewe zilikuwa na mabomba ya moshi juu ya paa! Watu wa Ngaramtoni, wanaojua paa zao, ndio waliozisambaza kuliko wengine. Mmoja alisema barafu iliyopotea imerudi, na hilo si kweli hata kidogo. Barafu ya Kilimanjaro iliyopimwa mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kwa asilimia 85 ilipofika mwaka 2007, na theluji ya siku mbili juu ya Meru hairudishi kitu. Mwingine alinong'ona kwamba ni dalili ya siku za mwisho. Mzee mmoja wa Kiarusha aliyekuwa amesimama na fimbo yake hakusema lolote kwa muda mrefu, halafu akamwambia mjukuu wake arudi nyumbani aingize ndama ndani, kwa kuwa usiku utakuwa wa baridi. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyenena la maana.

Yasidhaniwe kuwa mambo ya Sakina peke yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2008, huko Busara karibu na Nyahururu nchini Kenya, ardhi iliamka imefunikwa na kitu cheupe. Wenyeji walitoka nyumbani, wakakishika, wakakitia kinywani, na habari zikaenea duniani kwamba theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa walipotazama walisema ni mvua ya mawe madogo madogo. Lakini nani aliyejali? Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, theluji ya kweli ilianguka mjini Baghdad, ambako wazee hawakukumbuka kuiona. Nchi ile ilikuwa vitani, na wako watu walioipokea kama ishara ya amani. Hata Roma, katika joto la Agosti, tarehe 5, katika kanisa kuu la Mtakatifu Maria Mkuu hudondosha maua meupe kutoka darini, kwa ukumbusho wa masimulizi ya kale kwamba theluji ilianguka kilimani pale wakati wa kiangazi, katika siku za Papa Liberio. Mahali theluji isipozoeleka, watu huitafutia maana.

Nilikuwa nimekwisha kufungua ofisi na kutoa vitabu pale alipoingia mama mmoja wa jumuiya yetu. Hakuwa amebeba kitu, na kitenge chake kililowa matope mpaka magotini.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mwalimu." Wengi huniita hivyo kwa sababu ya chuo cha ualimu nilichosoma, ingawa kazi yangu sasa ni ukarani.

"Milele na milele amina, mama. Karibu uketi."

"Sitaketi. Nimekuja kuandikisha nia ya Misa."

Nikafungua daftari, nikamwuliza kama ninavyowauliza wote: "Ni ya marehemu, au ya walio hai?"

Akanyamaza. Kelele za watoto barabarani zilisikika mpaka ndani. Kisha akainua kidevu kuelekea mlimani, akasema, "Ya aliye hai. Mwanangu yuko kule."

Kijana wake alikuwa na umri wa miaka 22. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya upagazi, kazi ambayo vijana wenyewe hujiita "wagumu". Walikuwa wameingia kwa lango la Momella siku ya Jumanne. Alivaa raba na sweta la pamba, na kichwani alikuwa na mzigo wa kilo 20. Kampuni iliyomchukua haikumtazama miguuni wala mikononi. Mama yake aliniuliza, "Wewe umesoma. Kile kitu cheupe kinaua?" Nikamjibu nilivyojua: theluji yenyewe haiumi kama nyoka, bali kinachoua ni nguo iliyolowa pamoja na upepo, na mwenye nguo kavu aliyejibanza kibandani huvuka usiku salama. Alitikisa kichwa. "Sweta lake ni la pamba," akasema, "na pamba hunywa maji." Hilo hakufundishwa na mtu. Amefua nguo maisha yake yote.

Siku ile nzima watu walishangilia chini ya mlima, naye alikaa kizingitini pa nyumba yake akiutazama bila kusema.

Msomaji, jambo hili ni la kale kuliko sisi. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, yule hakuwa na jina lake, alisema tu ni baridi. Mabingwa wa London, ambao hawakuwa wamefika huku, walimcheka Rebmann wakisema theluji haiwezi kukaa penye jua la namna hii. Walibishana naye miaka mingi, na mwaka 1862 Baron von der Decken na mwenzake Otto Kersten walipanda mpaka kiasi cha mita 4,300, theluji ikawaangukia mwilini. Wenyeji hawakuhitaji ubishi huo. Rebmann aliandika kwamba walikwisha kumwambia: kile kinachong'aa kama fedha kikiletwa chini ni maji matupu, na wengi waliokifuata wamekufa, au wamerudi na viungo vilivyoharibika, watu wakasema ni kazi ya majini. Mangi Rengwa wa Machame aliwahi kupeleka kundi la watu wakaichunguze fedha hiyo. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Kijana wetu alirudi Jumamosi jioni. Nilikwenda kumwona, akanisimulia mwenyewe. Usiku wa Jumatano alikuwa katika kibanda cha juu, amelala. Mgeni mmoja aliugua njiani kuelekea kileleni, na yeye akatumwa apeleke blanketi na chupa ya chai. Alipotoka nje alikanyaga theluji iliyofika vifundoni. Akacheka peke yake gizani! Akaionja. Alipomaliza kazi aliyotumwa alikumbuka mama yake, akatoa chupa tupu ya maji mfukoni, akaanza kuishindilia theluji kwa vidole vitupu, maana glavu hakuwa nazo. Alishindilia mpaka chupa ikajaa. Aliporejea kibandani vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwa na habari, na ncha zake zilikuwa nyeupe kama mshumaa.

Wenzake walitaka kuvisugua na kuvikausha motoni. Bahati njema, kiongozi wao alikuwa mtu mzima, akawakataza. Kidole kilichokufa ganzi hakisikii moto, kwa hiyo huungua mwenyewe asijue, na kukisugua ni kukichubua ndani. Alimvua nguo zilizolowa, akamwambia aweke mkono kwapani, ngozi kwa ngozi. Zahanati walimwambia vivyo hivyo: makwapa, au maji ya uvuguvugu, na mahali ambapo baridi haitarudi tena. Vidole vilipona baada ya majuma kadhaa. Kucha mbili zilitoka.

Chupa ile alimkabidhi mama yake mbele yangu. Ilikuwa nusu ya maji, yenye uchafu kidogo chini. Mama akaifungua, akaonja, akasema, "Ni maji tu." Kisha akaifunga akaiweka kabatini, karibu na sanamu ya Bikira Maria, na nadhani ingali pale.

Najua vijana wengine watakwenda, na wazazi msidhani nasema wasiende. Kazi ni kazi, na theluji si ya Wazungu peke yao. Philip Boit wa Eldoret hakuwahi kuiona mpaka alipopelekwa Ufini mwaka 1996, na mwaka 1998 alishindana katika Olimpiki ya Nagano, Japani, kwa kuteleza juu yake kilomita 10. Alifika wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngojea mwishoni amkumbatie. Lakini Boit alivalishwa kama theluji inavyotaka.

Sokoni Kilombero, katika mitumba, hufika makoti mazito ya watu wa nchi za baridi, na glavu zenye manyoya ndani. Wauzaji huyatupa pembeni wakati wa joto, kwa kuwa hakuna anayeyauliza, na bei yake hushuka mno. Mwezi wa Februari mama yule alipita huko na kununua koti moja la buluu, glavu jozi mbili, na soksi za sufu, akaziosha na kuzianika uani. Jirani aliyepita alimwuliza kama anahamia Ulaya. Akamjibu kwamba hahami, ila mlima uko karibu.