Gari Lililofichwa

Michezo ya kompyuta ya mbio za magari ina desturi moja ambayo mwalimu mzee kama mimi hawezi kuipita bila kuitazama. Gari bora kuliko yote halitolewi mwanzoni. Mchezaji huanza na magari ya kawaida, na akishinda kwa kadiri iliyowekwa, ndipo hufunguliwa lile la pekee.

Mjukuu wangu, aliye kidato cha pili hapa Songea, ndiye aliyenionyesha. Mchezo wake ni wa zamani, Sega Rally Championship, uliotolewa kwa mashine za nyumbani mwaka 1995. Mwanzoni una magari mawili, Toyota Celica na Lancia Delta. La tatu, Lancia Stratos, hupatikana kwa kushika nafasi ya kwanza katika njia ya mwisho, nayo pia imefichwa. Alilihangaikia siku nyingi. Siku alipolipata alipiga kelele hata bibi yake akatoka jikoni.

Jina hilo halikuwa geni kwangu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sisi wa Kusini tuliyafuata redioni. Stratos lilikuwa gari jepesi, fupi, lililoundwa makusudi kwa mbio, nalo liliipatia Lancia ubingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976. Lakini Safari halikushinda hata mara moja. Mwaka 1975 Sandro Munari alilifikisha la pili na Björn Waldegård la tatu. Aliyewatangulia ni Ove Andersson katika Peugeot 504, ndugu wa zile tulizozizoea katika ofisi na teksi zetu. Mwaka 1974 na 1976 alishinda Joginder Singh wa Kenya, fundi wa magari, katika Mitsubishi Lancer. Huyo huyo mwaka 1965 alikwisha kushinda na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Sisi tuliosafiri kwenda Makambako kabla ya lami, tukasukuma magari kwenye tope, hatuoni ajabu.

Nilipomsimulia haya, mjukuu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Babu, na mimi nikifaulu kidato cha nne, kinafunguka nini?”

Halikuwa swali la utani. Kaka yake ana shahada, na mwaka wa tatu huu anaendesha bodaboda.

Msomaji, hapo ndipo nilipouheshimu mchezo ule. Ahadi yake ni moja kwa wote, na aliyetimiza sharti hupewa. Sisi walimu hatukuwa na uwezo huo. Katika miaka ya 1970 na 1980 nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na watoto wengi waliofaulu darasa la saba walirudi shambani. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mlango ule umepanuka. Mlango wa kazi haukupanuka kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo sikumwahidi gari. Nilimwambia kwamba akifaulu atafungua darasa linalofuata, na hilo ni kubwa, asome kwa bidii. Kazi sina ufunguo wake, wala mwalimu wake hana. Lakini Joginder alijua kuifungua injini kwa mikono yake mwenyewe, na ujuzi wa namna hiyo mtu huenda nao kila barabara, gari liwe zuri au bovu.

Sasa anataka Jumamosi aende gereji kujifunza. Mama yake hataki. Anaona ni kumpunguzia mtoto vitabu. Namwelewa, maana kwa mkubwa alijinyima mengi. Hata hivyo nimemwomba amruhusu. Daftari na spana vinaweza kukaa katika mfuko mmoja.