Kugombea Namba Kwenye Baridi ya Connecticut

Mama alitupa kazi moja tu kabla hatujapanda ndege: tumpige dogo picha akiwa uwanjani. Siyo amekaa. Anacheza!

Wenzetu wakitaka kula raha wawili wanakwenda Zanzibar. Mimi na mume wangu tukaishia Connecticut, Marekani, mwezi wa kwanza, baridi ile mbaya. Kisa? Mdogo wangu wa mwisho yuko kwenye timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja kidogo huko. Jina la chuo nalihifadhi. Ila ada ya mwaka wa kwanza ilitokana na kiwanja ambacho mama aliuza, kwa hiyo nyumbani swali la kila Jumapili kwenye simu ni lile lile: “Umecheza?”

Kabla ya kwenda kwake tulipita Storrs. Aliyewahi kudunda mpira pale Don Bosco Upanga anajua kwa nini. Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar mwenye futi 7 na inchi 3, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, halafu akachaguliwa wa pili na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Nilitegemea jiji. Wapi! Treni haifiki, unakodi gari, na unachokutana nacho ni mashamba na theluji. Chuo kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo na bado kina ng’ombe wake. Pale Dairy Bar wanauza aiskrimu ya chuo chenyewe, tukainunua na kuila huku tunatetemeka. Katikati ya utulivu huo ndo limesimama kuba la Gampel Pavilion, lililofunguliwa mwaka 1990, linaloingiza watu zaidi ya 10,000. Hadi mwaka 2025 wanaume walikuwa na ubingwa wa taifa wa vyuo mara 6, wanawake mara 12. Kupata namba hapo si mchezo.

Kwa dogo hakuna kuba. Kuna ukumbi wa kawaida na watu kama mia tatu. Usiku kabla ya mechi alitukaribisha chumbani kwake, na aliyetupikia tambi ni rafiki yake wanayelala chumba kimoja. Mchangamfu, ana adabu, anamwita mume wangu “shem” kwa Kiswahili alichofundishwa na dogo. Nilimpenda papo hapo. Baadaye ndo nikaambiwa kwamba yeye ndiye anayecheza nafasi ya mdogo wangu.

“Dada, piga hesabu,” dogo akaniambia. “Mechi ni dakika 40, uwanjani tupo watano. Hizo ni dakika 200 za kugawana. Watano wa kwanza wakila 30 kila mmoja, zinabaki 50. Benchi tupo kumi.”

“Kwa hiyo dakika tano tano?”

Akacheka. “Kocha hagawi kama ubwabwa wa shughuli.”

Kesho yake nilikaa nyuma ya benchi lao, mume wangu ameshika kamera. Kipindi cha pili yule rafiki akafanya faulo ya nne. Mchezaji akifikisha tano anatolewa, kwa hiyo nilijua kocha atampumzisha. Wasomaji wangu, nilipiga makofi! Kijana aliyenipikia jana yake. Dogo akageuka, akaniangalia jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Kisha akasimama, akampa mwenzake maji na taulo, akamnong’oneza kitu. Kocha akaita mtu mwingine kabisa.

Dogo aliingia zikiwa zimebaki dakika tatu, timu yao inaongoza kwa pointi nyingi. Aligusa mpira mara mbili. Picha ya mume wangu ilitoka mgongo mtupu, tena una ukungu.

Nje, kwenye theluji, nilimwomba msamaha. “Na mimi kuna siku namwombea afanye faulo,” akasema taratibu. “Halafu alfajiri ananiamsha twende mazoezini.” Nikamuuliza kuhusu kuhama, maana tangu 2021 sheria zililegezwa na wachezaji wengi wanahama bila kukaa nje mwaka mzima. Akajibu kwamba huko nako kuna benchi. Hata Thabeet, pamoja na kuchaguliwa wa pili, mwezi wa pili mwaka 2010 timu yake ya Memphis ilimpeleka ligi ya chini akatafute dakika.

“Mama usimdanganye,” akaniambia. “Nimechoka kumwambia nimecheza vizuri.”

Njiani kurudi hotelini mume wangu aliendesha kimya, kisha akauliza, “Na mimi ukinishangilia, huwa unamwombea nani mabaya?” Tukacheka, lakini swali lile nimerudi nalo Dar.

Mama nilimtumia picha mbili. Ya mgongo, na ile ambayo dogo amesimama na taulo, anamwinamia rafiki yake. Akapiga simu.

“Huyu aliyekaa ni nani?”

“Ndiye anayecheza namba ya mwanao, mama.”

Akanyamaza kidogo. “Mbona amechoka hivyo? Mwambie mwanangu amtunze.”

Jumapili iliyofuata hakuuliza kama amecheza. Aliuliza kama wamekula.